Benchi la Mihogo

Juzi nilikuwa natwanga kisamvu uani, kazi ninayoipenda kwa sababu hainilazimishi kutoka nje ya geti. Nilikuwa nimetoka kuchochea jiko, vidole vina masizi, na kipande cha mkaa kikaniponyoka kikaangukia kinuni. Kabla sijakiona nilikuwa nimeshakitwanga pamoja na majani. Mtu mwingine angesema mboga imeharibika. Mimi nilisikia harufu ya darasa la tatu. Ni harufu chungu kidogo, mbichi, yenye vumbi ndani yake, na ilinikalisha kwenye kigoda pale pale, mchi mkononi, mpaka mume wangu akauliza kutoka ndani kama leo tunakula au tunaomboleza.

"Tunakula," nikamjibu. "Ila kitakuwa cheusi."

"Wewe tena," akasema, akarudi kwenye mpira wake. Ndoa yetu imeshafika mahali ambapo maswali yamekwisha.

Ninyi mliosoma enzi zangu, wakati malori yaliyobeba mabomba ya gesi yakipita kwenda Madimba na sisi tunakimbilia vumbi lake, mnakumbuka ubao ulivyokuwa unapakwa. Rangi haikuwepo. Zilikuwepo betri za redio zilizokufa, tukazipasua kwa jiwe, tukatoa ule mweusi wa ndani, tukauponda na majani ya muhogo na maji kidogo, tukausugulia ubao kwa tambara mpaka uwake kama kipara. Mikono ilibaki myeusi hadi jioni. Lakini kazi ile haikuwa ya darasa zima. Ilikuwa ya benchi letu. Sisi tulitengeneza ubao, wenzetu wakausoma. Mara nyingi nimelisimulia jambo hili kwa utani na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sauti kuliko wote. Juzi sikucheka. Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba kila nilipomtafuta mtu wa kumkasirikia sikumpata.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kijijini Mtwara, upande wa Mpapura, kwa sababu mama alikuwa mjini akipikia chakula watu wa bandarini na hakuwa na pa kuniweka zaidi ya chini ya meza. Bibi alikuwa mfupi, mwenye chale mashavuni, na Kiswahili alikivaa kama kiatu cha kwendea mjini: akifika nyumbani anakivua. Hata alipokivaa, badala ya "mimi" alisema "nangu," kama wanavyosema wazee wa Kimakonde, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Alinipenda. Naanza na hilo, kwa sababu yote mengine aliyoyasema juu yangu mbele za watu yanaonyesha kinyume chake.

Kwetu mtoto hasifiwi hadharani. Mtoto mnene anaitwa kibaya. Mwenye sura nzuri anaambiwa amefanana na panya buku. Mgeni anakuja kumwona mchanga, anamfunua nguo, anasema, "Lione lilivyo baya!" na mama mtu anashukuru kimoyomoyo. Ikitokea mtu akateleza akasema mtoto huyu mzuri, nyumba nzima inanyamaza, na lazima mmoja amuulize haraka mashallah ameisahau wapi. Jicho lipo, linapita, linatafuta kilichong'aa. Kazi yako wewe mwenye mtoto ni kumpaka masizi. Hata mimi leo, na cheti changu cha kidato cha nne kilichonifikisha hapa kinuni, muuguzi wa kliniki akisema mwanangu ameongezeka vizuri, mdomo unafunguka wenyewe: "Wala, kibaya tu hiki." Muuguzi ananitazama kama anayetaka kupiga simu ustawi wa jamii.

Bibi alikuwa bingwa wa fani hii, na alikuwa na sababu zake. Mtoto wake wa kwanza, mjomba wangu nisiyewahi kumwona, alikuwa hodari wa madrasa. Siku ya maulidi alisoma mbele ya kijiji kizima, watu wakamtunza, wakamsifu, mzee mmoja akambeba mabegani akazunguka naye uwanja mzima. Kabla mvua hazijaanza homa ilikuwa imemchukua. Bibi hakuhitaji daktari wala mganga kumweleza kilichomuua. Alikuwepo uwanjani. Aliwaona watu wote wale wakitazama.

Kwa hiyo nilipojua kusoma kabla ya wenzangu, sijui hata nilijuaje, nadhani ni yale magazeti ya kufungia sukari, Bibi alifunga mlango. Kisha akaziba dirisha kwa kipande cha mkeka. Akanikalisha kitandani, akaniwekea mapajani karatasi yenye chembe za sukari bado zimeng'ang'ania, akaninong'oneza.

"Soma. Polepole. Wasisikie."

Nikamsomea habari ya waziri aliyezindua kitu fulani. Sikujua kitu gani, kwa kuwa nusu nyingine ya habari ilikwenda na sukari ya mtu mwingine. Bibi aliisikiliza hotuba ile amefumba macho, kama anaimbiwa. Nilipomaliza alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema sikioni, "Una kichwa, Somoe. Una kichwa kilichojaa." Halafu akafungua mlango, akatoka uani, ambako jirani yetu Bi Sharifa alikuwa akichambua mbaazi, na akasema kwa sauti ya kufika msikitini:

"Huyu mtoto hamna kitu. Nimemtuma ndoo, kaniletea kata!"

"Karithi kwa mama yake," Bi Sharifa akaitikia, kwa adabu kabisa.

Bi Sharifa ndiye Bibi aliyemhofu kuliko wote. Si kwamba alikuwa mbaya. Ni kwamba hapakuota kitu kijijini, uwe mpapai au mimba, bila yeye kukitazama kwanza.

Nilipokuwa darasa la tatu, katikati ya mwaka, akaja mwalimu mpya kutoka Mbeya, Mwalimu Atupele. Alikuja na sanduku la bati na sweta. Sweta, Mtwara! Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, hewa yote inanuka kiberiti, na yule dada wa watu alikuwa akiandika neno moja, anapiga chafya, anaandika la pili. Tulimcheka mpaka tukachoka. Alikuwa mwalimu mzuri. Naliandika hilo nimekunja uso, lakini ni kweli. Alijua majina yetu yote kabla ya wiki kwisha. Akaita na wazee wetu, mmoja mmoja, awaulize habari za watoto wao, jambo ambalo pale shuleni halijawahi kutokea; mzazi alikuwa anaitwa kwa michango au kwa sababu mwanawe amepasua kitu.

Bibi alivaa kanga yake mpya, akanishika mkono tukaenda. Ofisini walikuwepo walimu wengine wamekaa wanakunywa chai, na mlangoni alisimama Bi Sharifa, aliyeitwa kwa ajili ya mwanawe Shaibu, tuliyekuwa naye darasa moja.

"Karibu sana, mama," Mwalimu Atupele akasema. "Naomba uniambie habari za Somoe. Anaweza nini, anapenda nini, wapi nimsaidie."

Bibi akamtazama. Akawatazama wanywa chai. Akageuka akamwona Bi Sharifa ameshanyoosha shingo. Akacheka kidogo.

"Mwalimu, huyu usijichoshe naye," akasema. "Humu hamna kitu." Akanigonga utosini kwa kifundo cha kidole, ko ko. "Nangu nimekuletea tu asinikanyagie mihogo."

Mtu yeyote wa kwetu angejua cha kujibu. Angesema, "Kumbe mzigo wako ndio umekuja kunitwisha mimi," wangecheka, na katika kucheka huko wangekuwa wameelewana kwamba mtoto ni mzima, ana akili, mwangalie vizuri. Bi Sharifa alikuwa ameshaanza kucheka pale mlangoni. Mwalimu Atupele hakucheka. Sijui kwao wanasemaje juu ya watoto wao. Nadhani wanasema walivyo. Aliinamisha kichwa, akaushika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili.

"Pole, mama," akasema. "Na nashukuru umeniambia ukweli. Wazazi wengi huwa wanaficha."

Bibi akautazama mkono wake ulioshikwa. Hajawahi kupewa pole kwa kujisifu.

Na hao wanywa chai, mtauliza, mbona hawakumweleza mwenzao? Nao walikuwa wageni, wa Mara, wa Singida, wa wapi sijui, wamekaa miaka wakituhesabu kuwa watu tusiopenda watoto wetu. Bi Sharifa naye hakuona cha kueleza. Nani anakaa akamweleza mtu jinsi anavyopumua?

Juma lililofuata tulipangwa upya. Mwalimu alisema hataki mtoto aone aibu, kwa hiyo hakutakuwa na kundi la kwanza wala la mwisho. Makundi yatachukua majina ya mazao ya kwetu, tujivunie. Mabenchi ya mbele wakawa Korosho. Ya katikati Karanga. La nyuma kabisa, chini ya dirisha, Mihogo. Maskini mwalimu wa watu! Mtoto gani wa Mtwara hajui tofauti ya korosho na muhogo? Korosho inaanikwa, inachambuliwa, inapimwa, inalindwa ghalani, baba mtu anaota juu yake. Muhogo unaungoa kwa sababu hakuna kingine. Kengele ya uji ilipolia darasa zima lilikuwa limeshaelewa somo kuliko mwalimu aliyelitunga.

"Muhogo mbichi huyo!"

"Usimguse, mchungu, utakufa!"

Shaibu, mwana wa Bi Sharifa, alikuwa Muhogo tangu kabla jina halijapatikana. Alinisogezea nafasi kama mwenyeji.

"Karibu. Huku kuna upepo."

"Mimi nimewekwa kwa makosa," nikamwambia. "Mimi najua kusoma."

"Bibi yako kasema kichwani hamna kitu. Mama kasikia kwa masikio yake."

"Bibi anatania tu."

"Mbele ya mwalimu?" Shaibu akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua.

Swali lile likakaa na mimi siku nzima, nikalala nalo, nikaamka nalo. Kwa akili yangu ya wakati ule, mbele ya mwalimu, na ya daktari, na ya shehe, mtu mzima hatanii. Hapo anasema kweli. Uongo wa watu wazima niliujua unakokaa: unakaa chumbani, mlango umefungwa. Nilikuwa nimeuona kwa babu wa nyumba ya pili, alipokuwa hoi kitandani. Ndani walifunga mlango wakamwambia kwa sauti laini kwamba anaendelea vizuri, atapona, atakula korosho za mwaka huu. Nje, hadharani, walikuwa wanaulizana sanda inunuliwe wapi. Basi nikajumlisha. Nani mwingine anafungiwa mlango, anazibiwa dirisha, ananong'onezwa maneno matamu? Mimi. Kumbe nilikuwa mgonjwa. Kumbe kichwa changu kilikuwa na kasoro ambayo kijiji kizima kinaijua, na Bibi, kwa huruma, alikuwa ananidanganya pembeni kwamba kimejaa.

Nilimshirikisha Shaibu. Alikubali uchunguzi ufanyike. Tulikwenda nyuma ya choo, akanigonga utosini, akasikiliza, akajigonga yeye, akasikiliza.

"Wako mkavu," akasema. "Wangu mimi una maji kidogo."

"Maji ndio mazuri au mabaya?"

"Dafu lina maji," akasema Shaibu, na akawa amejithibitishia kuwa yeye ana nafuu. Nilimwonea wivu kweli kweli.

Mwalimu Atupele hakututupa, msidhani hivyo. Alitujali kwa namna ya kumaliza mtu. Akiongea na Korosho aliongea kama watu wanavyoongea. Akifika kwetu aliinama, akapaza sauti, akaburuza maneno kama anayemwelekeza kiziwi njia ya kwenda Newala. "So-mo-e. U-na-o-na he-ru-fi hii?" Vitabu havikutosha, kwa hiyo Korosho walikuwa navyo, Karanga waligawana, na Mihogo tulitazama picha kupitia mabegani kwa wenzetu. Wao waliandika habari, sisi tulinakili herufi. Na kwa kuwa herufi tulizimaliza mapema, na mwalimu hakutaka tukae bure tukajiona hatufai, akatupa jukumu. Ndiyo ile kazi ya betri na majani. Alitusifia sana kwa kazi ile. "Mihogo wangu hawa!" alikuwa anasema, anatupigia makofi. Nadhani hizo ndizo sifa za kwanza nilizowahi kupewa hadharani maishani mwangu, na zilikuwa za kupaka ubao.

Kisha kusoma kukaanza kunitoka. Sijui nielezeje. Hakukutoka kwa siku moja. Neno nililolijua jana nilikuwa nalitazama leo kwa wasiwasi, nikijiuliza kama ni lenyewe au ni uongo wa chumbani. Nikiulizwa, nilikuwa naona kwanza uso wa mwalimu ulivyojiandaa kunionea huruma, na neno likikutana na uso ule linarudi ndani. Nikinyamaza, anatikisa kichwa polepole: ndivyo bibi yake alivyosema. Na mimi nikimwona anatikisa, najisemea: ndivyo Bibi alivyosema. Sote wawili tulikuwa tunamwamini sana Bibi.

Na nyumbani ndiko kulikokuwa na kichekesho chenyewe. Bibi alifunga mlango kama kawaida, akaniletea karatasi ya sukari.

"Sitaki," nikasema.

"Husomi?"

"Sijui kusoma."

Bibi akaiweka karatasi kando. Kisha uso wake wote ukafunguka, akanikumbatia, akacheka kwa furaha, kimya kimya. "Umekua," akaninong'oneza. "Umeshajua kujificha."

Wiki hii redioni mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza kwamba mtoto huwa anakuwa kile anachotarajiwa kuwa. Niliizima redio. Si kwamba anadanganya. Ni kwamba aliisema kwa sauti tulivu mno.

Ukaingia msimu wa korosho. Darasa likapungua, watoto wako mashambani wanaokota, mabibo yanaoza chini ya miti, nzi wamelewa. Mwalimu Atupele akatangaza kwamba darasa la nne kuna mtihani wa taifa, na hataki kumpeleka mtoto kwenye mtihani akaumie. Mihogo watarudia darasa la tatu. Shaibu alifurahi. "Nitakuwa mkubwa kuliko wote," akasema, "hakuna atakayenipiga." Mimi nilikwenda nyumbani nikamwambia Bibi anaitwa shuleni, na sikumwambia sababu, nikitumaini labda atakufa mmoja wetu njiani, yeye au mimi au mwalimu.

Hakufa mtu. Ofisini walikuwepo wazee wachache na walimu, na mwalimu akasema alichokuwa nacho, kwa upole, kwa maneno aliyokuwa ameyaandaa.

"Kurudia?" Bibi akauliza. "Nani anarudia?"

"Somoe, mama. Kama ulivyonieleza mwenyewe."

Nilimwona Bibi anavyoelewa. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayepapasa kifuani, asikute alichokuwa amekifunga kwenye pindo la kanga. Aliwageukia wale wazee wengine. "Jamani, tupisheni," akasema, na wakatoka, kwa sababu sauti yenyewe haikuwa ya kubishiwa. Akamwambia mwalimu afunge mlango. Mwalimu akafunga. Akamwambia afunge dirisha. Mwalimu akasema dirisha halina ubao, ni tundu tu. Bibi akaivua kanga ya begani, akaitundika kwenye misumari ya dirishani, joto likajaa mle ndani kama tumefunikwa na sufuria. Ndipo akasogea akanong'ona.

"Mwalimu. Mtoto huyu anasoma. Anasoma magazeti. Kichwa chake kimejaa kuliko cha wote mle."

"Lakini mama, uliniambia mwenyewe hana kitu."

"Walikuwepo watu!"

"Watu walikuwa wanafanya nini?"

Bibi akatafuta. Kiswahili chote alichokuwa nacho kikamwacha pale katikati ya ofisi. "Walikuwa wanatazama," akasema.

Nikamwona mwalimu anavyofikiri, na aliwaza vibaya kwa moyo safi. Alifikiri: mara ile alikuwa mkweli, sasa ameanza kuficha, kama wazazi wengine. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akachukua kitabu cha Korosho, akakifungua mwanzo wa hadithi, akaniwekea mezani mbele yangu.

"Haya, Somoe. Jaribu kidogo tu."

Neno la kwanza lilikuwa "Siku." Nalijua. Nililijua hata siku ile. Nililijua kama ninavyolijua jina langu, lilikuwa limesimama pale na herufi zake zote, na chini yake sungura amechorwa anacheka. Lakini Bibi alikuwa amenifungia mlango tena. Amenizibia dirisha. Ananong'ona. Yaani bado mimi ni yule mgonjwa, na sasa wamemwingiza na mwalimu kwenye chumba. Nilipoinua macho, uso wa Mwalimu Atupele ulikuwa tayari umejaa ile huruma yake, umejaa mpaka pomoni, unanisubiri.

"Si," nikasema. "Si. Si."

"Soma, Somoe," Bibi akaninong'oneza. "Hamna mtu."

"Si. Si."

"Siku moja," Mwalimu Atupele akasema, akanimalizia. Kwa wema. Akakifunga kitabu taratibu, asiniaibishe. "Usimlazimishe, mama. Anajitahidi sana. Sote tunampenda."

Nilirudia darasa la tatu. Baadaye mama alinichukua mjini, kwa walimu wasiomjua Bibi, na kusoma kukarudi kidogo kidogo kama paka aliyepigwa, nikaburuzika hadi kidato cha nne. Mpaka leo kwenye vikao vya mtaa nikipewa karatasi niwasomee wenzangu nasema nimesahau miwani. Sina miwani. Ndiyo sababu moja napenda kukaa ndani. Lakini kurudia darasa siyo kunakoniuma. Wengi wamerudia na leo wananiuzia vocha kwa majigambo. Kinachoniuma ni njia ya kurudi nyumbani siku ile.

Bibi aliichukua kanga yake dirishani, akajifunga, tukaondoka. Karibu na kwetu, kando ya njia, akina mama walikuwa wameanika makopa kwenye mikeka, wanageuza vile vipande vya muhogo vikauke upande wa pili, na Bi Sharifa alikuwa katikati yao. Alikuwa ameshapata habari za Shaibu, na alikuwa amezipokea kwa utani, kama inavyotakiwa.

"Bi Fatu!" akamwita Bibi kwa mbali. "Vipi huko? Wametufelishia mawe yetu yote?"

Nilijua jibu. Bibi atasema mimi si jiwe tu, jiwe lina afadhali, juu yake unaweza kunolea kisu. Nililisubiri jibu hilo. Nililitamani. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilitaka Bibi anitukane mbele za watu, kwa sababu angenitukana ningejua kwamba bado anaona kuna kitu cha kulinda.

Bibi alisimama katikati ya njia.

"Somoe ana akili," akasema. Kwa sauti. Kwa Kiswahili. "Ana akili kuliko watoto wote wa shule ile."

Mikono yote ikasimama juu ya makopa. Hakuna aliyecheka.

"Bi Fatu," Bi Sharifa akasema, chini chini, "taratibu, mwenzangu. Mtoto huyo."

"Taratibu ya nini? Anasoma magazeti huyu! Tangu mdogo anasoma. Mtazameni." Akanisukuma mbele. "Mtazameni vizuri!"

Nimekuwa mtu mzima, nina mtoto wangu, najua alichokuwa anafanya. Mwanamke yule alikuwa ananitoa uwanjani kwa mikono yake mwenyewe, mahali alipompotezea mwanawe, kwa kuwa aliona ameniharibu kwa kunificha na hakujua njia nyingine ya kunirudisha. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo la ujasiri kuliko lile. Lakini sikuwa mtu mzima. Nilikuwa mtoto aliyemwona Bibi kila mwaka msimu ukiisha, korosho zote zimekwenda mnadani, akiuacha mlango wa ghala wazi, kuku waingie watoke watakavyo, kwa sababu ndani hamna tena cha mtu kuiba.

Nikaanza kulia. Bibi akainama, akaniona machozi, akadhani ni ya furaha. Akanibana ubavuni mwake, akaanza kutembea tena, na kila nyumba tuliyoipita alisimama akawaita watu watoke nje, akawaambia kwa sauti ya juu kuliko ya nyumba iliyotangulia kwamba mjukuu wake ana akili, na kila nyumba mimi nilikuwa namvuta mkono, namwomba anyamaze.